Ngosha, Nshomile, Mura: majina tunayopachikana Kanda ya Ziwa

Maswali ya safari hii yametoka Mwanza, Sengerema, Magu na Rorya, na yote yanazunguka majina anayopachikwa mtu kwa sababu ya alikotoka. Mengi ya majina hayo ni maneno ya kawaida kabisa kwa wenyewe. Ukali yanaupata njiani, yakishatoka mdomoni mwa wenye lugha.

Mwenzangu kazini anashikilia kwamba Wasukuma wameitwa hivyo kwa kusukuma ng'ombe. Mwingine anasema ni mikokoteni. Nani yuko sahihi? (Igoma)

Hakuna hata mmoja. Kinachowachanganya ni Kiswahili. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi, sukuma ni upande wa kaskazini. Basukuma ni watu wa kaskazini, na jina hilo walipewa na jirani zao wa kusini, upande wa Tabora. Kusini ni dakama, mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli. Ndiyo maana utamsikia mzee wa Magu akiwaita Wanyamwezi Badakama, wala hawatukani. Anataja upande tu.

Shida ya majina ya pande ni kwamba yanategemea umesimama wapi. Mtu wa Shinyanga ni wa kaskazini ukimtazama kutoka Tabora, ila ukiwa Mwanza huyo huyo ni wa kusini. Kwa hiyo wazee wawili wanaweza kubishana nani hasa ni Msukuma na wote wakawa na haki. Wanyantuzu, tawi la Wasukuma, wao wako nje ya hesabu hiyo: jina lao limetokana na Ntuzu, eneo la Bariadi.

Mnyamwezi nalo ni jina la kupewa, ila hili lilitoka pwani, enzi za misafara. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilimaanisha watu wa upande unakoonekana mwezi mwandamo, yaani magharibi. Vijana wa mjini wamelivusha bahari kabisa: kwao Unyamwezini ni Marekani.

Nilimwita mfanyakazi mwenzangu wa Bukoba "Nshomile" akanuna. Nilikuwa namsifu. (Nyakato)

Nshomile ni sentensi nzima ya Kihaya. N- ni mimi, -shom- ni kusoma, -ile inaonyesha jambo limeshafanyika: nimesoma. Hakuna tusi humo. Jina lilishika kwa sababu shule za misheni zilifika Kagera mapema, na kahawa ikasaidia kulipa ada. Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960 akiwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, alitoka huko huko.

Lakini tazama msemaji wa sentensi hiyo ni nani. Ni "mimi". Ukimwita mtu Nshomile unamwekea mdomoni majigambo ambayo hakuyatamka. Rafiki wa siku nyingi atacheka. Mtu aliyekukosoa kwenye kikao dakika tano zilizopita atasikia kwamba unamwambia anajidai, na pengine ndicho ulichokuwa unamwambia. Jiulize ulimwita saa ngapi, baada ya jambo gani.

Usiende kumfafanulia maana ya neno; anaijua kukuzidi. Mwambie hukukusudia kumkera, kisha kwa wiki kadhaa mwite kwa jina lake. Siku akijitania mwenyewe kwamba "sisi akina Nshomile", mlango umefunguka.

Bodaboda wote wa hapa nawaita "Ngosha". Jana mmoja, mtu mzima, hakuitika. (Sengerema)

Ngosha kwa Kisukuma ni mwanamume, basi. Wingi ni bagosha. Mwanamke ni nkima, wingi bakima. Kwa kijana wa rika lako linapita vizuri. Kwa mtu wa umri wa baba yako ni sawa na kumwita "we mwanaume" barabarani. Mwite baba, na mama mwite mayu. Kama hujui uanze vipi, anza na salamu: mwangaluka asubuhi, mwadila jua likishasogea. Ukisalimia hivyo, Kiswahili kitakachofuata hakina tatizo.

Mwanamke usimwite Ngosha hata kwa mzaha. Haliendi.

Nimehamishiwa Musoma. Je, nikimwita kila mtu "Mura" nitaonekana mwenyeji? (Capripoint)

Utaonekana mgeni. Mura ni Kikurya: omomura ni kijana wa kiume aliyeshatahiriwa, wingi abamura. Wakurya wenyewe huitana hivyo mchana kutwa. Likitoka kwa mgeni kwenda kwa kijana mliyezoeana halina neno. Kwa mzee linamshusha rika, na kwa mwanamke halina maana.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani watu wote wa mkoa wa Mara ni Wakurya. Musoma na vitongoji vyake utakutana na Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Wasimbiti, Wajaluo. Mwalimu Nyerere alikuwa Mzanaki wa Butiama, na bado wapo watu wanaomwita Mkurya. (Usiulize nani ni asilimia ngapi: sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila ilikuwa ya 1967.) Na hata Tarime, kwa Wakurya halisi, ukoo huja kwanza: Mtimbaru, Mwirege na Mnyabasi hawapendi kuchanganywa.

Lafudhi nayo iache. Mkurya huweka r mahali pa l, "kura" kwa "kula". Msukuma huenda kinyume, r anaigeuza l. Mgeni anayeigiza huwa anakosea upande, na kumwigiza mtu unayempa maagizo ya kazi ni kumdharau.

Ni Mjaluo au Mluo? (Rorya)

Kwa Kidholuo, ja- ni mtu mmoja na jo- ni wengi: Jaluo, Joluo. Kiswahili cha Tanzania kilibeba Jaluo zima kikaliongezea m-, kwa hiyo Mjaluo ana viambishi viwili vya mtu, kama aliyevaa koti juu ya koti. Si tusi, ndilo jina la kila siku huku. Upande wa Kenya Mluo hutumika zaidi kwenye maandishi. Omera, "ndugu yangu", ni mwito wa marafiki.

Ukivuka Sirari kuingia Isebania, ulimi uwe na breki zaidi. Kenya ina Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, na kumdhalilisha mtu kwa kabila lake ni kosa la jinai.

Nyumbani tunasema "Mang'ati". Mwalimu wa mtoto amekataza. Kwa nini? (Magu)

Yuko sahihi. Wanaoitwa hivyo ni wafugaji wa Kidatoga, na Mang'ati ni neno la Kimaasai, nalo maana yake ni adui. Yaani unamwita mtu kwa jina alilopewa na aliyekuwa akipigana naye. Wasukuma huwaita Wataturu, na jina hilo halina uadui. La wenyewe ni Datoga, kwa hiyo sema Mdatoga, Wadatoga.

Na sisi wa Mwanza tunaitwaje? (Kirumba)

Hatuna jina moja. Kiswahili hakijaunda "Mmwanza", na sikio linaelewa kwa nini. Andika mtu wa Mwanza au wana Mwanza. Jiji la Miamba ni jina la mji, si la watu.

Nitakuwa MC wa harusi: bwana harusi Mhaya wa Muleba, bibi harusi Msukuma wa Misungwi. Nitanie mpaka wapi? (Buhongwa)

Siku kadhaa kabla ya sherehe mtafute mshenga, maana pande zote mbili ameshazisikia. Muulize mambo mawili: majina gani wanaitana wenyewe kwa wenyewe, na nani asiguswe, hasa aliyefiwa karibuni.

Matani manne yanatosha ukumbi mzima, mawili kila upande, na uanze na upande wenye wageni wengi wasije wakajiona wamealikwa kuchekwa. Shika chakula, uiache tabia. Wahaya wana senene na ndizi. Wasukuma wana michembe na matobolwa. Lakini vijue kwanza: michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa ndipo vikaanikwa. Ukivichanganya, mama mmoja wa meza ya mbele atakusahihisha kwa sauti, na ukumbi utakucheka wewe.

Usiguse haya: idadi ya ng'ombe wa mahari, kwa sababu mara nyingi bado kuna deni, uchawi, kwa sababu Usukumani kuna vikongwe waliouawa kwa tuhuma hizo na wajukuu zao wanaweza kuwa wamekaa hapo, UKIMWI, kwa sababu Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza nchini walikoripotiwa mwaka 1983 na zipo familia zilizobaki na bibi na wajukuu, na mambo ya chumbani ya Wahaya, ambayo kila MC mchanga hudhani ni yeye wa kwanza kuyakumbuka.

Halafu kuna simu. Tani lililochekesha watu mia mbili waliokula pamoja litakatwa sekunde kumi na tano, liende kwa watu wasiomjua mtaniwa wala mtani. Kwa hiyo taja jina la mtaniwa ndani ya sentensi ile ile: "shemeji yetu fulani wa Misungwi", si "Wasukuma bwana". Kipande kikikatwa, jina linabaki nacho.