Kwa nini hawakuondoka: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Salamu zako zimefika, na picha za Uppark pia, lile jumba la matajiri wa zamani huko Uingereza. Umeniuliza: wale wasichana watumishi waliopitisha chakula kwenye njia za chini ya ardhi ili wageni wasiwaone, kwa nini hawakuacha kazi wakaenda zao?

Wengi waliondoka, mama. Watumishi wa enzi za Malkia Victoria walihamahama sana, mwaka huu nyumba hii, mwaka ujao ile. Shida ilikuwa karatasi. Binti akitafuta kazi mpya alidaiwa barua ya bosi wake wa zamani, ieleze kwamba ni mwaminifu, msafi, ana adabu na halewi. Sheria haikumlazimisha bosi kuiandika. Aliweza kukataa bila kutoa sababu, na binti hakuwa na pa kulalamika. Ila kughushi barua hiyo kulikuwa kosa tangu sheria ya 1792, na faini yake pauni 20. Isabella Beeton, aliyewaandikia wenye nyumba mwongozo mwaka 1861, alikadiria mshahara wa msichana wa kuosha vyombo kuwa pauni 5 hadi 9 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: faini ile inazidi mishahara yake ya miaka miwili.

Tena kitanda chake kilikuwa darini kwa bosi, na chakula chake jikoni kwa bosi. Akifukuzwa asubuhi, usiku hana pa kulala. Ndiyo maana aliamka kabla ya mapambazuko, akazoa majivu, akasugua meko, akapandisha makaa na makopo ya maji ya moto ghorofani, akateremsha vyombo vya haja vya waliolala, na akanyamaza.

Hannah Cullwick aliacha shajara, ndiyo sababu tunamjua. Alizaliwa Shifnal, Shropshire, mwaka 1833, akaanza utumishi akiwa na miaka minane. Alipokuwa kijana aliajiriwa Aqualate Hall, jumba kubwa la kijijini, akafukuzwa baada ya miezi michache. Kosa lake? Bibi mwenye nyumba alimwona akicheza wakati wa kusugua mabirika. Kila nikifika hapo nakasirika upya. Alikuwa mtoto bado!

Na usidhani waliopanda cheo walikuwa salama. Katika Uppark hiyohiyo uliyoitembelea, msimamizi wa watumishi wa kike kuanzia 1880 alikuwa Sarah Wells, mama yake mwandishi H. G. Wells. Ujanani, kuanzia 1850, aliwahi kuwa mtumishi wa chumbani humohumo. Alishika funguo za stoo, vitambaa na hesabu, na wasichana wote walikuwa chini yake. Mwaka 1893, akiwa na miaka sabini hivi na masikio yamepungua nguvu, aliachishwa kazi.

Zilikuwapo nyumba zenye utu zaidi. Erddig, kule Wales, familia ya Yorke iliwachoresha watumishi wake na kuwatungia mashairi, na baadaye ikawapiga picha. Nenda ukaone, utapenda. Lakini mtu akikuambia kwamba watumishi wa zama zile walikuwa sehemu ya familia, muulize kama mwanafamilia huhitaji barua ya tabia njema ili apate kula kwingine.

Kilichowafungulia mlango hasa ni ajira za namna nyingine. Miaka ya mwisho ya Victoria, maduka makubwa na ofisi zilianza kuchukua wasichana, na vita vya 1914 vilipoanza, viwanda vya silaha vikawachukua kwa wingi. Huko mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wa jikoni, na zamu ikiisha hakuna kengele ya bosi iliyowafuata kitandani. Vita vilipokwisha, wengi walikataa kabisa kurudi utumishini, na mabibi wakabaki wakilalamika magazetini kwamba watumishi hawapatikani.

Baba yako anakusalimu. Ukienda Erddig nitumie picha za watumishi, pamoja na majina yao.

Mama yako