Kazi ya makao ya wazee: uliza kwanza usiku mnakuwa wangapi

Mleta uzi ameitwa kwenye usaili wa uhudumu katika makao ya wazee. Anauliza kazi yenyewe ikoje, na kama kweli ni ya kinyaa kama anavyoambiwa. Nimeifanya miaka sita, minne zamu ya usiku, kwa hiyo nisemee niliyoyaona.

Kinyaa kitakuisha ndani ya wiki mbili. Kubadilisha nepi, kuosha, kumwaga mkojo, mikono inazoea na glavu zipo. Kitakachokumaliza ni uchache wenu kwenye zamu.

Nikupigie hesabu. Mahali pa kwanza tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee 26. Tisa kati yao hawakuweza kujigeuza kitandani, na mtu wa namna hiyo kwetu aligeuzwa kila baada ya saa mbili. Ukichelewa, ngozi ya makalio na visigino inaanza kuwa na doa, ukizidi kuchelewa inafunguka kidonda ambacho kinaweza kukaa miezi. Kumgeuza mmoja vizuri, watu wawili, kumfuta na kunyoosha shuka lisibaki na mikunjo, ni dakika kumi. Tisa mara kumi, dakika 90. Zimebaki 30 mzunguko uanze upya, na humo humo ndimo zilimo kengele za wale wengine 17: huyu anataka choo, yule ameanguka. Mwenzako akiugua na asiletwe mtu, unageuza peke yako.

Mgongo wangu ulikwenda usiku wa namna hiyo. Mashine ya kunyanyulia ilikuwepo, ila betri haikuwa na chaji, na mzee alikuwa ameshalowa. Nikamnyanyua kwa mikono. Mpaka leo siinami kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta.

Halafu kuna fomu ya kugeuza. Umegeuza saa tisa, unaambiwa uandike saa nane, mkaguzi akija akute karatasi safi. Usisaini usichokifanya. Siku kidonda kikitokea, jina litakalosomwa ni lako, si la aliyepanga zamu.

Na utapigwa. Wenye ugonjwa wa kusahau wengi huchafukwa jioni. Tulikuwa na mwalimu mstaafu, kila ikifika magharibi anasimama mlangoni na mfuko wake, anataka kwenda kwake, ukimzuia anakuparura. Mwezi mzima nilimwambia "hapa ndipo nyumbani, mzee wangu", na mwezi mzima nilikuwa na makovu. Siku moja nikamletea madaftari na kalamu nyekundu: "Mwalimu, haya bado hayajasahihishwa." Akakaa. Akapiga vema kurasa tupu mpaka chakula cha usiku.

Hata hivyo, kila nilipoumia niliandika ripoti. Si kumshtaki mgonjwa. Ni kwamba bila maandishi, mgongo au jicho lako linakuwa bahati mbaya yako. Wakikuambia ndiyo kazi ilivyo, Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unagusa pia ukatili unaotoka kwa watu wasio mwajiri wala wafanyakazi wenzako. Angalia kama nchi uliyopo imeuridhia.

Mshahara ni mdogo, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba zile dakika 20 za kukabidhiana zamu kwetu hazikulipwa, na nusu saa ya mapumziko ilikatwa hata siku ambayo hukukaa kabisa.

Vifo sitavieleza. Utavizoea, kasoro kimoja au viwili.

Kwenye usaili, mshahara uuweke pembeni kwanza. Uliza usiku mnakuwa wangapi, na mtu asipotokea anaitwa nani. Omba uonyeshwe mashine ya kunyanyulia, tena iwashwe ukiwa hapo hapo. Nilipo sasa waliiwasha bila kununa, na betri ya akiba ilikuwa ukutani inachajiwa. Nilisaini siku ile ile.