Je, Mahler alimwibia Hans Rott?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeona klipu iliyobandika scherzo (sehemu changamfu ya simfoni) ya Simfoni ya Kwanza ya mtunzi Gustav Mahler juu ya scherzo ya simfoni ya mtunzi mwenzake Hans Rott. Zinafanana mno, na programu ya simu inasema ni wimbo mmoja. Naandaa mada kwa wanakwaya wenzangu. Niandike kwamba Mahler aliiba?

Jibu: Marahaba. Usiandike.

Masikio yako hayana kosa. Rott alimaliza simfoni yake mwaka 1880, miaka kadhaa kabla ya ile ya Mahler, na wote wawili walisoma utunzi kwa Franz Krenn huko Vienna. Mahler mwenyewe alimtaja Rott kuwa mwasisi wa simfoni mpya kama yeye alivyoielewa. Hapo hatugombani. Kinachonichosha ni mtu kuruka kutoka "zinafanana" hadi "ameiba", kana kwamba katikati hakuna kazi ya kufanya.

Chukua hiyo scherzo. Zote mbili zimesimama juu ya Ländler, ngoma ya vijijini Austria, mapigo matatu, besi zikikanyaga chini. Haikuwa mali ya Rott wala ya Mahler. Isitoshe, sehemu ya scherzo ya Mahler inatoka kwenye wimbo wake mwenyewe, "Hans und Grethe", ambao toleo lake la kwanza aliliandika Machi 1880, Rott akiwa bado hajamaliza simfoni yake. Wenye klipu hawakwambii hilo. Na kama kufanana ni wizi, basi Rott naye tumfunge: dhamira kuu (wazo kuu la muziki) ya sehemu ya mwisho ya simfoni yake inakaribiana waziwazi na ile ya Simfoni ya Kwanza ya mtunzi Johannes Brahms, iliyopigwa mwaka 1876. Ni Brahms huyohuyo aliyemwambia Rott, kijana wa watu, aachane na muziki.

Deni la kweli la Mahler kwa Rott litafute kwenye ujenzi: jinsi Rott anavyoirudisha dhamira ya mwanzo kabisa ili ifunge simfoni nzima. Programu yako haisikii hilo, maana inapewa sekunde ishirini tu, tena mara nyingi kasi na ufunguo vimeshachezewa ili vilingane.

Ugonjwa huu tunao hata hapa kwetu. Kila msimu wa mashindano naletewa kesi ya kwaya fulani "kuibiwa" wimbo. Nikiomba nota, natumiwa klipu. Nikiuliza tarehe, kimya. Ukichunguza, kilichofanana ni kodi (chords) tatu na sauti ya nne inayoshuka ngazi kwa ngazi, vitu ambavyo kila mwalimu wa kwaya huanza navyo. Na kuna "wataalamu" wanaolipwa kutoa asilimia za wizi! Hakuna mizani ya namna hiyo, jamani. Unaweka nota mbili mezani, unasoma mstari kwa mstari, unauliza nani alitangulia na wote wawili walichota wapi.

Simfoni ya Rott ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1989 tu, huko Cincinnati, Marekani, na rekodi zipo. Isikilize nzima, kisha ya Mahler nzima, ndipo uandike.