Sista Anajibu: Nimetoka mafungo, jioni ile ile nikatukana

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Nauza nyanya sokoni. Kwaresima hii akina mama wa kigango chetu tulikwenda mafungo ya siku 3, kusali na kutafakari kimya. Siku ya kwanza nilisinzia mfululizo. Ya pili nikawa nawaza wateja wanaonidai na ninaowadai. Ya tatu nikaungama, nikalia, nikajiona mwepesi. Kufika nyumbani jioni nakuta wifi yangu kamaliza maji yote ya pipa. Nilimporomoshea matusi hadi majirani wakatoka nje. Je, mafungo yangu yamekwenda bure?
Mama Nyanya, Moshi

JIBU: Milele, amina. Mama, usingizi usikusumbue. Nimepika kwenye nyumba ya mafungo miaka 11, na chakula cha mchana cha siku ya kwanza hubaki sufuriani kila mara, wageni wamelala. Mwili unaobeba matenga tangu alfajiri ukipewa kitanda na kimya, utafanya nini kingine? Hata sisi masista tunalala.

Tuje kwa wifi. Kwenye kitubio ulisema nini? Nahisi ulisema, "Nina hasira." Wengi wetu tunasema hivyo na kupita. Sasa fungua daftari lako la mikopo. Ungeandika tu "watu wananidai, nawadai", bila jina wala kiasi, ungemfuata nani?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, alilijua hilo. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anasema uchague kosa moja tu. Kila ukianguka, weka mkono kifuani. Hata ukiwa katikati ya wateja hakuna atakayejua. Mchana, na tena jioni, weka nukta kwenye mstari wa siku hiyo, nukta moja kwa kila anguko. Kesho unalinganisha na leo. Wewe wa daftari hutashindwa.

Ila usiku, kabla ya kuhesabu nukta, shukuru kwanza. Inyasi ameanza na shukrani, kisha kuomba mwanga, ndipo kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha na kuazimia. Sisi kwenye sala ya jioni tukishataja mawazo, maneno, vitendo na kutotimiza wajibu, tunavuta pumzi moja tu na kuendelea. (Nyumbani kwetu baba alikuwa akikohoa, basi, dhamiri imeshachunguzwa.) Hapo kaa dakika 10.

Kosa lako la kuanzia unalo tayari: ulimi wako kwa wifi, saa ile unaporudi sokoni umechoka na una njaa. Kula kitu kabla hujafika mlangoni.

Na usingoje kuungama tena ndipo umwombe radhi. Mwendee kesho alfajiri, ulitaje tusi lenyewe, usiseme "kama nilikukosea". Halafu mchange mnunue pipa la pili.