Saa tisa unusu mpaka magharibi watoto wako wapi?

Kengele ya skuli ikilia saa tisa unusu, mzazi wa Kisauni ama Likoni bado yuko kazini, mwengine yuko Kongowea sokoni ndio kwanza wateja wanaanza kuja, na mtoto yuko huru mpaka magharibi. Hayo masaa ndio maskani, pale kibarazani vijana wanapokaa, inayachukua. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kelele zikawa nyingi, mahakama ikasimamisha, na katika zogo lote lile sikuskia sana watu wakiuliza huyu kijana wa miaka kumi na tatu tukimtoa pale kibarazani tunampeleka wapi.

Mimi nasaidia klabu ya watoto baada ya skuli huku Kisauni, homuwaki, kusoma hadithi, kuchora, mpira, kompyuta tukizipata. Watu wa mitaa mengine wananiuliza sana wataanzaje kwao, na swali la kwanza huwa ni la jengo. Jamani msianze na jengo! Angalieni saa, na angalieni njia ya kurudi nyumbani, manake programu nzuri ikiwa mbali ama ikiisha giza limeingia, mtoto anayeihitaji zaidi ndiye hatafika.

Skuli tayari iko pale mtaani. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya skuli za kutwa yaishe saa tisa unusu, halafu mpaka saa kumi na dakika arobaini na tano ni wakati wa michezo na vilabu. Saa moja na robo hiyo iko kwa sheria, lakini skuli nyingi zimeigeuza kuwa masomo tena ama geti linafungwa. Kwa hivyo ukienda kwa hedi usiende kuomba fadhila, nenda na hiyo kanuni, umwambie utaleta watu wa kusaidia walimu, umwambie pia nani atafagia darasa na nani atabaki na ufunguo. Mambo ya ufunguo yanaonekana madogo lakini ndio yanavunja vilabu vingi, wallahi. Halmashauri ya skuli ikikubali, upate kwa maandishi, hedi akihamishwa usianze upya.

Halafu kuna chuo, yaani madrasa. Hapa Mombasa watoto wengi baada ya alasiri wanaenda madrasa, na ukiweka programu yako wakati huohuo unamlazimisha mama achague, na atachagua chuo, na ana haki. Ongea na maalim mapema. Kuna mahali siku mbili tatu za wiki zinatosha, kuna mahali Jumamosi asubuhi inafaa zaidi, na kuna maalim atakwambia njoo hapahapa kwangu, watoto wakimaliza uwasomeshe hesabu. Huyo mshike vizuri.

Wasichana ndio wa kwanza kupotea, na usidhani hawataki. Dada mkubwa anaitwa nyumbani kumlea mdogo, kupika, kuchota maji. Sisi tuliporuhusu waje na wadogo zao, tukatandika mkeka pembeni na mtu mzima wa kuwaangalia, sura zilizokuwa zimepotea zikarudi. Na wanatoka wakati bado kuna mwanga, kwa makundi ya mtaa mmoja, mzazi anajua saa gani. Uji pia usiusahau, mtoto aliyekula saa sita ama hakula kabisa hawezi kukaa na kitabu saa kumi.

Ada usiweke, hata ile ndogo ya kuonyesha mzazi yuko serious, inamfukuza yuleyule unayemtafuta.

Kwa usalama sina mzaha. Kila mtu mzima alete cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya polisi ya upelelezi, hata kama ni mtoto wa jirani unamjua toka utotoni, asikae na mtoto peke yake chumbani, na watoto wenyewe wafundishwe namba 116 ya simu ya watoto, ni bure.

Wale wa gredi ya saba mpaka tisa ni watu wengine kabisa. Wape kazi ya kweli, waandae mechi, wawasomee wadogo, wapige picha. Swahilipot, kile kituo cha vijana pale karibu na Fort Jesus, vijana wanapata teknolojia na sanaa na napenda sana mahali kama pale, ila mtoto wa Mtongwe hata feri akivuka kwa miguu bure bado kuna nauli ya matatu kila siku. Tunahitaji vitu kama hivyo viwe Likoni, Jomvu, Changamwe, mtoto aende kwa miguu.

Hapo ndipo kaunti inaingia. Kwa Katiba ya 2010 skuli za msingi na sekondari ni za serikali kuu, lakini maktaba, viwanja na shughuli za michezo na utamaduni ni za kaunti, ndio mana jioni ya mtoto inakosa mwenyewe. Bajeti ikiletwa kwa wananchi kutoa maoni, nendeni, na msiseme tu "tusaidie vijana". Taja ukumbi gani wa wadi yako, useme unataka ufunguliwe mpaka saa kumi na mbili jioni siku za skuli, uwe na taa, choo cha wasichana kinachofungika, na mlinzi anayelipwa, halafu mwakilishi wenu ajibu palepale mbele ya watu.