Mkasi Uko Droo ya Pili

Jumatatu hapa maabara ya patholojia nimefunua ndoo nikakuta utumbo mpana uliotoka chumba cha upasuaji, sentimita kama 30, haujapasuliwa, umekunjwa kama ngisi chunguni. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, imeufikia nje tu. Aliyeupokea Ijumaa alikuwa anawahi basi la Masasi. Sijamgombeza, maana nami nilifanya vilevile. Wadogo zangu, kaeni niwaeleze.

1. Utumbo ukifika upasue kwa urefu siku hiyohiyo, uoshe, ubandike kwenye ubao. Fomalini mara 10 ya ujazo wake.

2. Kwenye fomu andika saa ulipoutia. Tarehe peke yake hainisaidii.

3. Hii ndiyo yangu. Sampuli ya mama mmoja wa Newala ilifika Ijumaa jioni, wenzangu wananisubiri Shangani kwa pweza. Ndoo ilikuwa ndogo, nikausokomeza mpaka ukaingia. Jumatatu kuupasua, utando wa ndani umekuwa uji. Sikumwambia mtu. Nikakata vipande, bloku (vipande ndani ya nta) zikaenda Dar kupakwa rangi ya CD3 na CD8, alama za seli T, askari wa kinga ya mwili.

Kinachotafutwa mnakijua: seli T ngapi katikati ya uvimbe, ngapi mpakani unapovamia nyama nzima. Zikijaa, saratani huwa na nafasi ndogo ya kurudi. Galon, mtafiti wa Ufaransa, na wenzake walilionesha mwaka 2006, na mwaka 2018 alama ya Immunoscore, inayotokana na hesabu hiyo, ikathibitishwa kwa wagonjwa 2,681 wa hatua ya I hadi III. Kwa hiyo ukihesabu ovyo, unampotosha daktari anayepanga matibabu.

Slaidi zikarudi. Tonsili ya kontroli, inayopakwa pamoja ili kuona kama rangi imeshika, imekolea kahawia safi, uvimbe mweupe. Nikaandika kwenye rasimu, kwa mbwembwe, "seli za CD8 chache mno". Daktari bingwa akaniita. Hakupaza sauti. Akasogeza slaidi hadi kwenye utumbo usio na ugonjwa, kwenye vifundo vya limfu ambavyo kila mtu anavyo. Navyo vyeupe.

"Na hapa je, mwanangu?"

Nikataja tonsili.

"Tonsili haikulala kwenye ndoo yako."

Kinga ya yule mama haikuwa na kosa, mimi ndiye niliyeiozesha. Binti yake alikuwa kwenye benchi nje, na kifuko cha korosho alichotuletea. Tukatafuta kipande cha upande wa nje, kilichopata fomalini, kikapakwa upya: CD8 zimejaa mpakani! Ila katikati hapakuwa na cha kuhesabu, kwa hiyo alama kamili haikutoka. Ripoti ikasema "haiwezi kukadiriwa", na niliyeichapa ni mimi. Korosho zile sikuzionja.

4. Chagua bloku yenye katikati na mpaka pamoja. Biopsi ya kolonoskopi, kinofu kinachonyofolewa kwa kamera ya utumbo, aghalabu haina mpaka, usiihesabie.

5. Kontroli ya ndani kwanza, yaani seli za kawaida za mgonjwa mwenyewe kwenye slaidi hiyohiyo. Hata kwa MLH1, protini ya kurekebisha DNA, seli hizo zikiwa nyeupe usitangaze kwamba protini imepotea.

6. Tezi za limfu unazotafuta kwenye mafuta ya utumbo zisipungue 12. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea saba, akaapa zimeisha. Nikamrudisha kwenye mafuta, akanuna, akawasha redio ya mpira. Kipindi cha kwanza hakijaisha ameshafika 14, na anashangilia, sijui bao au tezi.

Na wewe wa Ijumaa, unajijua. Basi lile halikuwa la mwisho. Mkasi uko droo ya pili.