Jina Lililo Kwenye Mpini wa Msumeno

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni seremala wa milango ya nakshi hapa Magongo, Mombasa. Marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi wa majahazi Mji wa Kale, aliniachia msumeno wa mkono ambao mpini wake una kifungo cha shaba kilichoandikwa H. Disston & Sons, Philada., yaani Philadelphia. Wazee husema mtu huyo alikuwa fundi kama sisi. Je, ni kweli? Nami hufua patasi kutokana na springi kuukuu za malori na kuwauzia wenzangu, ila moja hukaa na makali miezi mizima na nyingine humeguka siku ya kwanza. Je, nikope fedha ninunue mashine?

JIBU: Waaleikum salaam, fundi. Wazee wamesema kweli. Henry Disston alizaliwa Tewkesbury, Uingereza, mwaka 1819, akavuka bahari mwaka 1833 pamoja na baba yake na dada yake hadi Philadelphia, Marekani, na siku chache tu baada ya kushuka melini baba akafariki. Kijana akaingia kwa mtengenezaji wa misumeno kujifunza kazi, na mwaka 1840 akafungua karakana yake mwenyewe.

Ufundi alikuwa nao, lakini ufundi peke yake haukumtosha. Wateja wa Marekani waliamini msumeno wa Uingereza, na feleji (chuma cha pua) nzuri ya kutengenezea misumeno ilitoka Sheffield, mji wa Uingereza, kwa hiyo ubora wa kazi yake ulikuwa mikononi mwa watu asiowaona. Mwaka 1855 alijenga tanuri lake la kuyeyushia feleji, na kwa maoni yangu hapo ndipo fundi alipogeuka kuwa mwenye kiwanda. Ushuru wa bidhaa za nje ulipopandishwa mwaka 1861, yeye alikuwa tayari. Mwaka 1872 alianza kuihamishia kazi Tacony, pembezoni mwa Philadelphia, akawajengea wafanyakazi nyumba na kuweka sharti kwamba pombe isiuzwe huko, jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu wa Pwani watalisifu. Alifariki mwaka 1878. Neno “& Sons”, yaani “na wanawe”, lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1870, na kampuni iliuzwa kwa wengine mwaka 1955, kwa hiyo msumeno wa babu yako umetengenezwa kati ya nyakati hizo.

Tazama jinsi babu yako alivyoweza kuunoa msumeno huo kwa tupa miaka yote. Jino la msumeno lazima liwe gumu kiasi cha kukata mbao, lakini lisiwe gumu hata tupa iteleze au jino livunjike linapopindwa kulia na kushoto. Kiasi hicho hutokana na feleji inayojulikana na moto uliopimwa, na hapo ndipo patasi zako zinapokukosesha. Springi za malori tofauti si lazima ziwe za feleji moja, na iliyochoka huweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho. Zitenge kwa chaki kulingana na gari zilikotoka, na katika kila fungu ukate kipande cha majaribio. Kipashe moto hadi sumaku isikishike, kizamishe kwenye mafuta ya uvuguvugu, kisha kipitishie tupa: ikiteleza, kimekuwa kigumu. Kisugue king'ae, ukipashe tena polepole hadi rangi ya manjano iwe inaelekea kahawia, ukiache kipoe, ndipo ukijaribu kwenye mvule kwa nyundo.

Mkopo wa mashine usiuchukue sasa, kwa sababu mashine itakutolea patasi mbovu nyingi zaidi kwa siku. Fungu moja likitoa patasi zisizomeguka mara kwa mara, kopa kidogo, na kitu cha kwanza kununua kiwe tanuri lenye kipimajoto. Mashine ya kusagia ije baadaye.